Kabla ya chungu, jiwe: namna ya kuujua na kuutunza urujuani wa Usambara

Mimea minne ya ua hili ilifia mikononi mwangu kabla sijaelewa kosa lilikuwa wapi. Yote ilikufa kwa namna moja: majani ya katikati yanalainika, yanageuka rangi ya kahawia, halafu siku moja unaligusa jani na linatoka zima, limeoza shingoni. Nilikuwa nimeipanda kwenye udongo mweusi wa shambani niliouchanganya na samadi, na kila asubuhi naimwagilia maji juu ya majani, kama ninavyofanya kwenye mchicha.

Mjomba wangu, ambaye amefanya kazi ya kuongoza wageni msituni kwa miaka mingi, alisikia nikilalamika msibani Muheza. Akaniambia, "Mwanangu, njoo Zigi, nikuonyeshe kwao." Wiki iliyofuata alinipeleka huko Zigi, kwenye lango la msitu wa Amani, hadi kijito kimoja chini ya miti mikubwa, tukainama chini ya ukingo wa mwamba uliosimama kama ukuta. Ua lilikuwa pale, ubavuni mwa jiwe. Akaniambia niweke kiganja kando yake. Jiwe lilikuwa la ubaridi na lina unyevu, lakini halikuchuruzika maji. Mizizi ilikuwa imeshika kwenye kuvumwani, lile zulia la kijani linalofunika mawe mabichi, na udongo uliokuwepo haukufika unene wa kidole changu. Mvua ikinyesha, maji yanapita tu. Hayana mahali pa kutuama.

Basi maelekezo yangu yote yanaanzia hapo. Huu si mmea wa bustani uliozoea msitu, ni mmea wa jiwe, kivuli na ukungu, na ukiujua hivyo nusu ya kazi umeimaliza.

Kuutambua

Wataalamu waliuita Saintpaulia, na katika lugha nyingi za Ulaya unajulikana kama urujuani wa Afrika. Wajerumani wao huutaja kwa jina la milima yetu, Usambara. Hauna undugu na urujuani wa Ulaya, rangi tu ndiyo inayofanana. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuingiza kwenye kundi kubwa zaidi la Streptocarpus, kwa hiyo ukikuta majina mawili kwenye vitabu usifadhaike, mmea ni uleule.

Tazama majani kwanza, maana ua huja na kuondoka. Aina nyingi zina majani yaliyotandazwa mviringo kama sahani, yote yametoka sehemu moja, huku vikonyo vikiwa vinene na vyenye maji. Aina chache hutambaa na kuwa na shina. Jani lina vinywele vinavyoonekana wazi ukiliangalia kwa ubavu dhidi ya mwanga, na wataalamu hutumia urefu na mlalo wa vinywele hivyo kutofautisha aina moja na nyingine. Pale Usambara kuna mimea mingine midogo ya mawe inayoweza kukuchanganya ikiwa haina maua. Asiye na uhakika asubiri ua.

Ua lenyewe lina petali tano: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa zaidi. Rangi yake msituni huwa buluu iliyopauka hadi zambarau, na katikati kuna vifuko viwili vya njano vya chavua vilivyoshikana. Sasa sogeza jicho karibu. Utaona kijiti chembamba kinachotoka katikati, na hakikusimama wima: kimeinamia upande mmoja. Kwenye ua moja kimelala kushoto, kwenye ua jingine kimelala kulia, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Ua hili halina asali ya kumpa mdudu, lina chavua tu, na chavua imefungwa ndani ya vile vifuko. Nyuki huvishika na kutikisa misuli yake mpaka vumbi litoke, na kwa kuwa kijiti kiko pembeni, kinamgusa nyuki ubavuni na kuchukua chavua aliyokuja nayo kutoka kwingine. Nimekaa chini ya mwamba ule karibu saa nzima nikingoja kumwona nyuki akifanya hivyo. Mjomba alidhani nimechoka.

Lilikotoka na linakoishi

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, alilikusanya ua hili na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha. Miaka michache kabla yao John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alikuwa ameshapeleka sampuli London, ila hazikutosha kulielezea ua. Kutoka kwenye mbegu na miche hiyo ya mwanzo, watu wa Ulaya na Marekani wakazalisha aina maelfu kwa maelfu, nyeupe, za waridi, zenye petali zilizokunjamana. Leo liko madirishani duniani kote, na bado watu wengi wa Tanga hawajui kwamba asili yake ni hapa. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu naandika.

Kwao kwenyewe ni padogo. Ni milima ya Tao la Mashariki: Usambara, Nguru, Uluguru na mingineyo ya Tanzania, kisha vilima vya Taita upande wa Kenya, pamoja na vipande vichache vya msitu wa pwani. Aina nyingi ziko Usambara Mashariki. Nyingine iko Shume, Usambara Magharibi, kwenye baridi ya juu. Aina ya Taita inapatikana kwenye kilima cha Mbololo peke yake. Na si milimani tu: karibu na Tanga mjini ua hili huota kwenye nyufa za miamba ya chokaa, mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Kinachounganisha sehemu zote hizi ni kivuli, jiwe na hewa yenye unyevu, wala si urefu wa mlima.

Nimesema kivuli, na hapa nataka nikae kidogo. Bibi yangu alilima hiliki chini ya msitu, kama walivyofanya majirani zake wote. Mtu hakati miti yote kwa ajili ya hiliki. Anafyeka vichaka vya chini, anapunguza matawi, anaacha miti mikubwa isimame. Ukiangalia kutoka barabarani unasema msitu upo. Lakini mwanga umeshaingia mpaka chini, na upepo nao. Bibi alikuwa akisimulia mwamba mmoja kando ya shamba lake ambao ulikuwa "umevaa kanga ya zambarau" alipokuwa msichana. Mimi nimeuona mwamba huo. Ni mkavu, umebadilika rangi kuwa kijivu, kuvumwani imebanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Hakuna aliyeng'oa hata mmea mmoja. Jiwe lilikauka, ua likaondoka. Kwa hiyo anayetaka kulihifadhi ua hili asifikirie kulizungushia uzio. Aanze na msambu na miti mingine iliyo juu yake, na kijito kilicho chini yake. Wachimbaji wa dhahabu waliowahi kuvamia vijito vya Amani waliliumiza kwa upande huo wa pili, kwa kuvuruga kingo za maji.

Kwenda kuliona

Mahali rahisi zaidi ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Unashuka Muheza kwenye barabara kuu ya kwenda Tanga, unapanda gari la Amani pale stendi. Ni zaidi ya kilomita 30 za barabara ya milimani, na wakati wa masika uliza kwanza kama inapitika. Lango liko Zigi, kwenye jengo la zamani la stesheni ya reli ya Wajerumani. Lipa kiingilio, chukua risiti, kisha omba mwongozaji na umwambie waziwazi kwamba umekuja kwa ajili ya ua hili. Ukikaa kimya utapelekwa kwenye maporomoko na kwa vinyonga, ambavyo ni vizuri, lakini utarudi bila kuliona. Kutoka Zigi njia inapanda hadi Amani penyewe, karibu mita 900 juu ya bahari, palipo na bustani ya miti iliyoanzishwa na taasisi ya utafiti ya Wajerumani mwaka 1902.

Vaa viatu vyenye meno na soksi ndefu za kuingiza suruali ndani, siafu hawana adabu. Unapofika kwenye mwamba, simama kabla ya kusogea. Angalia mguu wako utakanyaga nini. Miche michanga ina upana wa ukucha na imejificha ndani ya kuvumwani, na nyayo moja inayoteleza inaweza kukwangua kazi ya miaka. Usishike mwamba ili kujizuia, shika mti. Ukipiga picha, piga kwa ubavu, ukiwa umechuchumaa, bila kusukuma majani ili ua lionekane vizuri.

Tazama pia mlalo wa majani. Kwenye ukuta wa jiwe mmea umeinama mbele kama mwavuli uliofunguliwa nusu, kwa hiyo tone la maji likianguka juu yake linateremka hadi ncha ya jani na kudondoka. Katikati pa mmea hapakai maji kamwe. Nilipoliona hilo nikaikumbuka ile mimea yangu minne, iliyolala chali kwenye chungu huku nikiimiminia maji shingoni.

Na usichukue chochote. Hata jani. Ni kosa kisheria kuondoa mmea kwenye hifadhi bila kibali, na zaidi ya sheria, makundi mengine yana mimea michache sana hivi kwamba mkoba wa mgeni mmoja unaweza kuyamaliza. Maua yasitoke msituni, wala yasiende msituni: ukiwa na aina ya dukani nyumbani, usiipeleke kuipanda kwenye mwamba ukidhani unasaidia. Itachanganya uzazi na ya asili.

Kulipanda nyumbani kwa jani moja

Hakuna sababu ya kung'oa ua la msituni, kwa sababu jani moja la chungu cha jirani linatosha. Omba jani kwa mtu anayelilea, au nunua mche kwa wauza maua.

Tayarisha jiwe lako la bandia kwanza. Mimi hutumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu mbili, mboji iliyooza sawasawa na kuchekechwa sehemu moja, mchanga mkubwa wa mtoni sehemu moja, na kiganja cha mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Angalizo kwa watu wa pwani: makumbi mengi yamelowekwa kwenye maji ya bahari. Yaloweke kwenye maji matamu siku mbili au tatu, ukiyamwaga na kubadilisha, la sivyo chumvi itaunguza mizizi. Ukikamata ngumi ya mchanganyiko wako na kuikamua, itoke matone mawili matatu tu, na ukifungua mkono donge livunjike lenyewe. Likibaki limeshikana kama matope ya kufyatulia tofali, ongeza mchanga.

Chagua jani la mzunguko wa kati. Majani ya nje kabisa yamezeeka, ya katikati bado hayajakomaa. Kata kwa wembe mpya, ubakize kikonyo cha sentimita tatu hivi, mkato uwe wa mshazari. Liache dakika kumi likauke kidonda. Kisha tumbukiza kikonyo kwenye mchanganyiko kina cha sentimita moja na nusu, jani likiegemea nyuma kidogo, na ubonyeze kwa vidole viwili ili lisimame. Kopo la mtindi lililotobolewa chini linafaa kabisa. Funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, na kifuniko chake ukiache wazi kidogo ili hewa ipite. Weka mahali penye mwanga usio na jua.

Baada ya hapo kazi ni kungoja. Mizizi hutoka katika wiki tatu au nne. Usivute kuangalia. Vitoto huchomoza kati ya wiki ya sita na ya kumi, kwanza kama punje za kijani chini ya kikonyo, halafu unaona sikio dogo lenye vinywele. Huwa navitazama kwa kioo cha kukuzia kila asubuhi kabla ya chai, na sijawahi kuchoka. Vikifikia majani ya ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, vitenganishe kwa kijiti cha kiberiti, kila kimoja na mizizi yake, ukipande peke yake. Maua utayapata miezi mingine minne hadi sita baadaye.

Chungu kiwe kidogo kuliko unavyodhani. Upana wake uwe kama theluthi moja ya upana wa majani yakitandazwa, na kisiwe kirefu. Kumbuka ule unene wa kidole juu ya jiwe. Udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia unabaki umelowa, na kuoza kunaanzia hapo.

Maji na mwanga

Mwagilia kwa chini. Weka chungu kwenye sahani yenye maji, subiri nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Usirudie mpaka uguse juu na kidole kitoke kikavu. Kwangu Muheza hiyo ni kila baada ya siku tatu au nne wakati wa kiangazi, na wakati wa masika hufika wiki. Maji yawe ya mvua kama unaweza kuyakinga, kwa sababu ya kisima huacha ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu. Na yawe na joto la chumba. Maji baridi ya kwenye mtungi yakidondokea jani lenye joto huacha madoa ya duara yaliyopauka ambayo hayatoki tena. Wengi hudhani ni ugonjwa na kununua dawa. Mimi ndoo yangu inalala ndani usiku, basi.

Mwanga uwe mwingi lakini wa kuchujwa. Dirisha la mashariki ndilo bora, jua la asubuhi hadi saa mbili halina ubaya. Kwa madirisha ya pande nyingine kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya haiwezi kukuambia: huku kwetu jua la mchana linahama. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi liko upande wa kusini, miezi mingine yote liko kaskazini. Dirisha lililokuwa salama mwezi Juni litaunguza majani mwezi Desemba, au kinyume chake. Hamisha chungu, au tundika kitambaa chepesi cheupe. Majani yakisimama juu na vikonyo kurefuka, mmea unaomba mwanga. Yakijikunja kuelekea chini na kupauka, umezidi.

Mbolea kidogo tu: ya maji, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila wiki mbili. Chumba chenye joto kali sana huufanya usitoe maua, kwa hiyo wa mjini Tanga wauweke sakafuni, upande wenye hewa. Vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba, vifute kwa pamba yenye spiriti. Majani ya katikati yakibana, yakawa madogo, magumu na yenye vinywele vya rangi ya kutu, hao ni utitiri. Mmea huo utupe na chungu chake, usijaribu kuokoa, usije ukapoteza yote.

Kumpelekea mtu jani

Watu wa Dar huniomba miche, na miche haisafiri vizuri kwenye basi. Nawatumia majani. Kata jani na kikonyo chake chote, funga mwisho wa kikonyo kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa na kukamuliwa, halafu kipande cha nailoni juu yake. Jani lenyewe libaki kavu. Laza majani mawili kwenye kopo gumu la biskuti, na gazeti lililokunjwa katikati yake yasisuguane. Andika nje aina yake na tarehe uliyokata. Hivyo hukaa salama siku mbili hadi tatu. Atakayepokea akate tena nusu sentimita ya mwisho wa kikonyo kwa wembe kabla ya kupanda, na kama jani limelegea, alilaze juu ya maji ya uvuguvugu kwenye bakuli kwa saa moja. Litajikaza.